Kiti mwendo cha umeme: anza na mwili, mota baadaye

Matangazo ya viti mwendo vya umeme hupenda kuanza na kasi, umbali wa chaji moja na kimo cha ukingo ambacho kiti kinaweza kupanda. Kwa mtu anayejihamisha mwenyewe kutoka kitini hadi kitandani, hayo ni ya kuangaliwa mapema. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo shingoni, mwenye mtindio wa ubongo, ugonjwa wa kudhoofika misuli au ALS (ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli), ambaye atakaa humo saa 10 au zaidi kwa siku, hayo yanakuja mwisho. Kwanza tazama mwili utakaaje. Pili, ni kiungo gani kitaendesha. Magurudumu yafuate. Ukiugeuza mpangilio huo utalipia mashine yenye nguvu huku mwenyewe akiteleza mbele na kuinuliwa upya kutwa nzima.

Kipimo kinachoharibu mambo mengi zaidi ni kina cha kiti. Mkalishe mtu wima, pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha punguza sentimita 3 hadi 5. Kina kikizidi, ukingo wa mto unasukuma nyuma ya goti, naye anajivuta mbele kuukimbia. Nyonga zinalala nyuma, mgongo unapinda, kidevu kinashuka kifuani, na uzito wote unahamia kwenye mfupa wa juu ya mkia, mahali ambapo vidonda vya mgandamizo huanza. Wengi huona kichwa kinaanguka wakakimbilia kununua kishikio kikubwa cha kichwa. Tatizo liko chini, kwenye kina cha kiti. Upana nao usizidi: akipwaya ataegemea upande mmoja kutafuta kiegemeo cha mkono, na uti wa mgongo utaanza kufuata upande huo.

Chunguza pia misuli ya nyuma ya paja. Kama goti haliwezi kunyooka, vikanyagio vinavyosogea mbele au kuinuka kwa umeme vitavuta nyonga zitoke kitini. Mtu wa namna hiyo anahitaji vikanyagio vilivyorudi ndani, digrii 90 au zaidi ya hapo, na jambo hilo peke yake linaweza kuamua aina ya gurudumu, kama utakavyoona chini.

Sasa mienendo ya kiti chenyewe. Kuna miwili ambayo huchanganywa. Tilti ni kiti kizima kulala nyuma, pembe kati ya mgongo na paja ikibaki ileile. Riklaini ni egemeo la mgongo peke yake kulala, na pembe hiyo inafunguka. Kama fedha inatosha mwendo mmoja tu, kwa walio wengi wasioweza kujiinua, chagua tilti. Riklaini ikiwa peke yake inaburuta ngozi, kwa sababu bawaba ya egemeo haiko mahali pamoja na kiungo cha nyonga: egemeo linapolala linasafiri juu ya mgongo wa mtu, na linaporudi wima linamsukuma mbele. Vishikio vya ubavuni navyo vinahama na kuishia kwapani. Kwa mwenye misuli inayokakamaa, kufunguka kwa pembe ya nyonga kunaweza kuamsha mkakamao wa mwili mzima.

Riklaini hata hivyo ina kazi yake: kunyoosha nyonga, kurahisisha kubadilisha katheta (mrija wa mkojo), na ikiungana na tilti inapunguza mgandamizo kuliko tilti pekee. Ukiwa nazo zote mbili, mpangilio ni huu: tilti kwanza, halafu riklaini. Wakati wa kurudi, inua egemeo kwanza ndipo uteremshe tilti. Ukianza na tilti wakati wa kurudi, hakuna kinachomzuia asiteleze mbele egemeo linapopanda.

Uliza digrii, usikubali jibu la “kinalala nyuma”. Digrii 15 zinapumzisha shingo na kumsaidia asianguke mbele, lakini hazipunguzi mgandamizo wa maana chini ya makalio. Kwa hilo anza na 30. Kiti kinachofika 45 au 50 ni bora, na lazima abaki hapo dakika kadhaa, arudie mara kwa mara mchana kutwa. Tilti ya digrii 50 ambayo haitumiwi hailindi ngozi ya mtu.

Na hapa kuna kasoro inayojificha mpaka kiti kifike nyumbani. Mtu analala nyuma kwa tilti, mkono wake dhaifu unavutwa na uzito wake wenyewe, unateleza kwenye kiegemeo na kuiacha jostiki, kile kijiti cha kuendeshea. Sasa yuko digrii 45 akitazama dari, na hawezi kujirudisha. Dawa yake ni kizuizi nyuma ya kiwiko, kiegemeo chenye mfereji wa kulaza mkono, au kitufe cha pili karibu na kichwa kinachorudisha kiti. Jaribuni jambo hili mbele ya muuzaji, tilti ikiwa imefika mwisho kabisa, na msaidizi asiguse chochote.

Kiti kinachopanda juu, kwa kawaida sentimita 25 hadi 30, si anasa. Kuhama kutoka kitini kwenda kitanda kilicho chini kidogo ni rahisi kuliko kupanda, na shingo inapumzika na kazi ya kutazama watu juu kutwa. Angalia tu kasi yake kiti kikiwa juu, kwani vingi hupunguza mwendo vyenyewe kwa usalama.

Tukija kwenye uendeshaji, msikubali jostiki ichaguliwe kabla ya kazi ya kukaa kwisha. Kiungo chenye nguvu ya kutosha mwili ukiwa umepinda kinaweza kuwa tofauti kabisa mwili ukishikiliwa vizuri. Tafuteni mwendo mmoja ambao mtu anaweza kuurudia bila kuchoka, na mwujaribu jioni pia, siyo asubuhi peke yake. Kidole kinaweza kutosha kwa jostiki ndogo inayohitaji nguvu kidogo sana. Kidevu kinaweza. Kichwa kikitawalika pande tatu, kuna vihisi ndani ya kishikio cha kichwa: mara nyingi cha nyuma kinapeleka mbele, vya pembeni vinageuza, na swichi ya ziada inabadili kuwa kurudi nyuma. Njia ya mrija husoma pumzi: kupuliza kwa nguvu ni mbele, kuvuta kwa nguvu ni nyuma, na pumzi laini hugeuza kulia na kushoto. Njia hiyo huwekwa mara nyingi ili kiti kiendelee kwenda bila kupuliza tena, kwa hiyo swichi ya dharura ya kusimamisha, iliyo mahali anapoweza kuifikia yeye mwenyewe, ni ya lazima.

Kwa ugonjwa unaoendelea, swali muhimu kuliko yote ni kama kontrola ya kiti, yaani kompyuta inayoongoza mota, inapokea moduli nyingine, yaani vifaa vingine vya kuendeshea. Viti vya bei ya chini vina umeme uliofungwa: jostiki ile, basi. Mkono ukishindwa baada ya mwaka, unanunua kiti upya. Mfumo unaopanuka unaruhusu jostiki kuondolewa, vihisi vya kichwa vikaingia, na kidhibiti cha msaidizi kikawekwa nyuma. Ningeacha kasi na rangi na hata kupanda juu ili nipate hilo.

Halafu mpangilio wa programu. Anayeshindwa kuendesha mara nyingi anashindwa na namba zilizotoka kiwandani. Mwenye mkono unaotetemeka aongezewe uchujaji wa mtetemo. Asiyefikisha jostiki mwisho afupishiwe masafa yake ili mwendo mdogo wa mkono utoe kasi kamili. Kasi ya kugeuka ndiyo ya kupunguzwa kwanza kwa kila anayejifunza, kabla ya kasi ya kwenda mbele. Wekeni wasifu (seti ya mipangilio) tofauti wa ndani na wa nje.

Magurudumu ya kuendesha yakiwa katikati, kiti kinazunguka chini ya mtu mwenyewe na nusu kipenyo cha kugeuka ni sentimita 50 au 60 hivi. Ndicho rahisi kujifunza ndani ya nyumba. Udhaifu wake uko kwenye mashimo na mitaro: kasta (magurudumu madogo yanayojigeuza) za mbele na nyuma zikikanyaga kingo mbili, magurudumu ya kati yananing'inia na kuzunguka bure. Yakiwa mbele, kiti kinapanda vizuizi vizuri, na vikanyagio vinaweza kurudi ndani kabisa kwa yule wa magoti yasiyonyooka. Ila sehemu ya nyuma hutupwa nje kwenye kona, na wanaoanza hugonga fremu za milango. Yakiwa nyuma, kinatulia kwa kasi nje, lakini kasta za mbele huzama kwenye mchanga, na kinahitaji nafasi kubwa kugeuka. Namba ya karatasini haihesabu vikanyagio vilivyonyooshwa, kwa hiyo pima kona ya chooni kwako na kiti kikiwa na mtu, miguu ikiwa mahali pake.

Betri ni mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa 24, za jeli, aina ya betri za risasi, kwenye viti vingi. Chaji kila usiku hata kama zimetumika kidogo, kwa sababu betri ya risasi inayokaa bila chaji hujenga salfeti ya risasi na kupoteza uwezo. Zibadilishwe zote mbili pamoja: mpya ikifungwa na ya zamani, ya zamani huiangusha mpya.

Kama atasafirishwa garini akiwa amekaa humo, dai kiti kilichojaribiwa kwa kiwango cha ISO 7176-19, chenye sehemu nne za kufungia. Mkanda wa nyonga wa kiti ni wa mkao, hauokoi mtu kwenye ajali; gari liwe na mkanda wake wa nyonga na bega.

Kabla ya kulipa, jaribuni kiti siku kadhaa pale pale kitakapotumika, pamoja na mashine ya kupumulia na mfuko wa mkojo kama vipo. Katika tilti kubwa, tazameni mrija wa mkojo: ukipanda juu ya kibofu, mkojo unarudi ndani. Kisha mwombeni muuzaji akae chini aonyeshe wenzo wa kuachia breki za mota, maana kiti cha kilo 170 kikizima katikati ya mlango, wa nyumbani lazima ajue uko wapi na kwamba haufunguliwi kwenye mteremko. Na ulizeni nani ana kifaa cha kubadilisha programu, yuko umbali gani, na anaweka akiba ya vipuri gani: jostiki, kasta, chaja.