Nilivyoiingiza dawa ya meno isiyojulikana kwenye maduka ya Mbeya

Dukani huku kwetu mtu haombi dawa ya meno. Anasema nipe kolgeti, mwenye duka anampa Whitedent, anaipokea anaondoka na wala hahisi kama kapewa kitu kingine. Colgate wenyewe wanauza dawa ya meno tangu 1873, enzi hizo ikiwa kwenye kopo, wakaja kuiweka kwenye tyubu 1896, kwa hiyo jina limeshakuwa la wote kama Omo ilivyokuwa sabuni yoyote ya unga. Hili nililijua tangu utotoni maana ndo nilikuwa natumwa dukani, ila sikuwahi kulifikiria mpaka nilipopata kazi ya sales ya dawa ya meno mpya, hata redioni haitajwi, nikakabidhiwa katoni, kitabu cha risiti na njia yangu: Mwanjelwa, Uyole, Igawilo mpaka Tukuyu.

Siku mbili za mafunzo tuliambiwa jambo moja tu, tuongelee ubaridi. Ubaridi wa mnanaa, pumzi safi, mdomo kama umefungua friji. Sasa walioandika yale maneno walikuwa Dar wanatoka jasho, mi nayaongea Tukuyu mwezi wa sita, asubuhi, ukungu haujatoka, nimesimama mbele ya bibi amejifunga shuka mbili. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza alafu akasema, "Mjukuu wangu, maji yenyewe asubuhi yanataka kuning'oa meno, na wewe unaniletea baridi nyingine?" Watu wakacheka mpaka kondakta wa kosta akashuka kuuliza kuna nini. Kuanzia siku ile ubaridi niliuacha nikawa naongelea povu na harufu.

Nikajaribu na njia nyingine niliyoisoma mahali. Kuna Mmarekani wa zamani, Claude Hopkins, ndo alikuwa anaitangaza Pepsodent miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, yeye aliwaambia watu pitisha ulimi kwenye meno utausikia utando. Utando kila mtu anao, upige mswaki usipige utarudi tu, ila ukishaambiwa huachi kuusikia. Basi nikaifanya pale Mwanjelwa, watu kama kumi wamesimama kila mmoja anazungusha ulimi mdomoni kama ng'ombe anacheua, na kweli niliuza. Shida ikaja wiki iliyofuata. Wale wale wakiishiwa wanaenda duka la mtaani kwao, wanasema nipe kolgeti, wanapewa ya mwingine. Nikagundua nilikuwa nambembeleza mtu ambaye hata hachagui. Anayechagua ni mkono wa mwenye duka.

Kuna mama mmoja Uyole nilikaa kwenye benchi lake karibu saa nzima namwangalia anavyouza. Duka lina nondo, mteja anaongea kutoka nje, yeye hata hageuki, mkono unaenda kushoto pembeni ya boksi la biskuti unarudi na kolgeti. Kila mara pale pale. Nikamwambia mama naomba boksi langu likae hapo, akaniambia hapo pana mwenyewe. Mwenyewe nani? Kumbe kijana wa sales wa dawa nyingine, na hakumhonga kitu, ila tyubu ikipasuka au tarehe ikipita anaichukua anampa mpya papo hapo bila maneno. Kampuni yetu ilikuwa haipokei marudio hata ulie. Nikafanya hesabu usiku kucha nikaamua zinazopasuka nitazibadilisha mi mwenyewe kwa hela ya komisheni yangu. Iliuma sana miezi ya mwanzo, sitadanganya. Na mali kauli nikaanza kutoa, nusu dazeni unalipa, nusu nakuachia, Jumatatu napita kukusanya. Kuna mmoja Mafiati nilipita Jumatatu nikakuta fremu imefungwa na majirani wanasema amehamia Tunduma, mpaka leo. Lakini yule mama wa Uyole baada ya wiki kama tatu alinihamishia boksi kushoto bila kunitangazia, niliona tu mkono umetoka na yangu.

Maswali ya wateja nayo ni shule nyingine. Swali namba moja ni kile kimstari cha rangi chini ya tyubu, eti kijani ni asilia, cheusi ni kemikali tupu. Nishaeleza sijui mara ngapi kwamba ile ni alama ya mashine kiwandani ijue pa kukata na kufunga tyubu, haihusiani na kilichomo ndani, wananiangalia kama mwizi. Na kuna mzee wa Igawilo alinirudishia tyubu imeisha nusu, kavimba shavu, ananiuliza we si ulisema dawa? Hapo nilikosa jibu. Kwa Kiswahili chetu inaitwa dawa ya meno, mtu ana jino limetoboka ana haki ya kuamini. Nikamrudishia hela yake nikamsindikiza mpaka kituo cha afya, jino likang'olewa, na baadaye yeye ndo akawa anawaambia wenzake nunueni ya yule kijana, mkweli.

Sasa kilichotaka kuniua. Yangu ilikuwa na kifuniko cha kijani, zingine zote pale dukani nyeupe au nyekundu. Jina lake hakuna aliyelishika, lilikuwa gumu kutamka, ila watoto wakaanza kuja na buku mkononi, "mama kasema kolgeti ya kijani." Nilikuwa nikisikia hivyo nachekelea peke yangu. Alafu bila kutuuliza makao makuu wakabadilisha kifuniko kikawa cheupe, tukaambiwa ndo muonekano wa kisasa. Wiki mbili nikaanza kurudishiwa mzigo, wateja wanasema feki. Mama wa Uyole naye akanipigia, "mwanangu kwani mmeanza kuchakachua?"

Nilizunguka kwenye vibanda kuomba tyubu za kijani zilizokwisha, nyingine nilizitoa jalalani kabisa nikaziosha. Kila duka nikafunga tyubu kuukuu ya kijani na mpya nyeupe kwa uzi mmoja, nikazining'iniza kwenye nondo usawa wa macho, nikawa namfungulia mteja zote mbili anuse mwenyewe. Ilichukua kama miezi miwili mauzo kurudi. Ukipita Uyole leo uzi ule bado unaning'inia, umejaa vumbi, tyubu zilizomo dukani zote zilishakuwa na kifuniko cheupe zamani na watoto wanakuja vile vile, "nipe kolgeti ya kijani."