Tenki la pili la dizeli kwenye pikapu ya Land Cruiser: angalia hewa na mipira kabla ya bati

Pikapu nyingi za Land Cruiser HZJ79, zile za injini ya 1HZ ya lita 4.2, hutoka kiwandani na tenki la lita 130. Kwenye lami hilo ni tenki kubwa. Kwenye mchanga na tope, gari limebeba watu na mahema na linatembea kwa gia ndogo, piga hesabu ya lita 18 kwa kilomita 100, na hapo lita 130 zinakupa kilomita 700 hivi. Anayefanya kazi pembezoni mwa Katavi, magharibi mwa Tanzania, au kati ya Loiyangalani na North Horr, kaskazini mwa Kenya, anajua kilomita hizo zinavyoisha kabla hujaiona sheli.

Kwa hiyo watu huongeza tenki. Fundi wa kuchomelea anakunja bati, anaweka kifuniko na bomba, na gari linaondoka. Bati lenyewe mara nyingi halina shida. Shida huanzia mahali ambapo hewa inaingia na kutoka, mahali ambapo mafuta yanashuka yenyewe bila kuamrishwa, na mahali ambapo mpira umepita juu ya ekzosi. Huko ndiko kwa kutumia muda wako.

Maelezo haya ni ya dizeli tu. Mvuke wa dizeli unahitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi ndipo uweze kushika moto kwa cheche. Petroli inatoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujikusanya kwenye bodi. Tenki la petroli la kuchomelea mtaani usiliweke kwenye gari. Kama gari lako ni la petroli, tafuta tenki la kiwandani lililotengenezwa kwa modeli hiyo, au ubebe kidogo zaidi na upange vituo vyako.

Ukubwa kwanza. Chukua umbali mrefu zaidi usio na mafuta, ongeza robo, ugeuze kuwa lita, toa kilichomo kwenye tenki kuu. Watu wengi wakifanya hesabu hii wanakuta wanahitaji lita 80 au 90, wala si 200 walizokuwa wanazitamani. Tenki la sentimita 120 kwa 40 kwa 20 lina lita 96. Likitengenezwa kwa bati la chuma la milimita 2 lina uzito wa kilo 30 hivi pamoja na kuta za ndani, na dizeli ya lita 90 ni kilo 76. Jumla ni kilo 106, sawa na mtu mmoja mnene aliyekaa muda wote nyuma ya kabini. Uzito huo utoe kwenye mzigo unaoruhusiwa, usijidai haupo. Laza tenki likingame bodi, likikaribia kugusa ukuta wa kabini, mbele ya ekseli ya nyuma. Ukilisukuma mkiani, nyuma ya ekseli, unapunguza uzito wa magurudumu ya mbele na usukani unakuwa mwepesi pale unapouhitaji uwe mzito.

Bati la mabati usiliguse kabisa. Zinki inayolipaka humenyuka na dizeli na kutengeneza utando kama sabuni unaoziba filta na nozeli za injini. Shaba nayo huharakisha dizeli kuharibika, kwa hiyo hata vipande vya kuunganishia mipira viwe vya chuma au aluminiamu. Chuma cheusi cha milimita 2 kinafaa. Chuma kisichoshika kutu cha milimita 1.5 ni bora. Aluminiamu iwe ya milimita 3 na ichomwe na mtu anayeijua.

Ndani weka kuta mbili zenye kugawa urefu wa sentimita 120 katika vyumba vitatu vya sentimita 40. Kila ukuta utobolewe matundu matatu au manne ya milimita 50, na pembe zake zote nne zikatwe. Pembe za chini zinapitisha mafuta yafike kwenye bomba la kunyonya, za juu zinapitisha hewa. Ukiacha pembe za juu bila kukata, hewa inanaswa kwenye chumba cha pembeni na tenki halijai kamwe, nawe utadhani nozeli ya sheli ina kasoro. Bila kuta kabisa, kilo 76 za mafuta zinapiga kichwa cha tenki kila unapokanyaga breki, na kiungo cha kuchomelea ndicho kinachopasuka.

Bomba la kunyonya liishie milimita 20 juu ya sakafu ya tenki. Sehemu ya chini kabisa weka kishimo kidogo chenye bolti ya kumwagia maji na uchafu.

Sasa hewa. Tenki linahitaji njia mbili za hewa, na wengi huweka moja au wasiweke hata hiyo. Ya kwanza ni bomba la milimita 16 linaloongozana na bomba la kujazia, la kutoa hewa wakati nozeli inamwaga. Mdomo wake ndani ya tenki ushuke sentimita 1 chini ya dari. Mafuta yakifika hapo, hewa haitoki tena, yanapanda kwenye shingo na nozeli inajikata, na juu yake inabaki asilimia 5 ya nafasi tupu. Nafasi hiyo si ya bure: dizeli ya lita 90 iliyotoka kwenye tenki la chini ya ardhi ikipata joto la nyuzi 20 zaidi kwenye jua la mchana huongezeka karibu lita moja na nusu, na lazima iwe na pa kwenda.

Njia ya pili ni pumzi ya kudumu, mpira wa milimita 8 unaoanzia kwenye dari kabisa. Upandishe juu hadi usawa wa dirisha la kabini, ukunje, kisha ushuke na uishie nje ya bodi kwa filta ndogo, mbali na ekzosi na mbali na dirisha. Weka juu yake valvu inayojifunga gari likipinduka. Pumzi ikizibwa na vumbi au tope, pampu inavuta utupu: kwanza inapunguza kasi, halafu inalia, na mwisho bati linabonyea.

Kabla ya kupaka rangi, pima uvujaji. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 34 inayohusu matenki ya magari inataka mgandamizo usiopungua baa 0.3. Mafundi wengi huchukua kompresa ya tairi, na hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Baa 0.3 tu juu ya uso wa sentimita 120 kwa 40 ni nguvu ya karibu tani moja na nusu, na kompresa inaweza kutoa mara ishirini ya hapo kabla hujaondoa mkono. Hewa iliyobanwa ikipasua bati, inalirusha. Tumia maji. Jaza tenki hadi juu bila kuacha hewa, ziba matundu yote isipokuwa moja, funga hapo mpira unaoona ndani, uusimamishe mita 3.1 juu ya tenki na uujaze. Mita 3.1 za maji ni baa 0.3 na kidogo. Futa viungo vyote vikauke, pakaa chaki, ngoja nusu saa. Chaki iliyolowa inakuonyesha tundu, na maji yakishuka kwenye mpira hata sentimita mbili, kuna mahali hujapaona. Ukimaliza mwaga, kausha kwa hewa ya moto siku hiyo hiyo, kisha suuza kwa lita 3 za dizeli uondoe maji yaliyobaki na punje za kuchomelea.

Na likishaingia mafuta hata mara moja, tenki hilo halichomelewi tena kwa namna ya kawaida. Tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu moto wa kuchomelea unapasha mabaki ya dizeli na kuyafanya mvuke ndani ya nafasi iliyofungwa. Ndivyo mapipa yanavyoua mafundi.

Jinsi ya kuyafikisha mafuta kwenye injini kuna njia tatu. Kuyaacha yashuke yenyewe kwenda tenki kuu ni rahisi na ni mbaya: tenki la bodini liko juu, kuu liko chini, na kuu likijaa mafuta yanamwagika kupitia pumzi yake barabarani. Njia ya pili ni valvu ya kuchagua tenki, kama ilivyo kwenye HZJ78 zenye matenki mawili ya kiwandani. Hiyo ni nzuri ikiwa valvu ina midomo sita, yaani inabadilisha njia ya kwenda na njia ya kurudi kwa pamoja. Pampu ya dizeli hurudisha mafuta yasiyotumika. Ukibadilisha njia ya kwenda peke yake, injini inanyonya kwenye tenki la ziada na kurudisha kwenye kuu, na kuu lililojaa linafurika huku dereva akiona geji nzuri kabisa.

Njia ya tatu ndiyo ninayoisimamia: pampu ndogo ya umeme ya volti 12 inayohamisha mafuta kutoka tenki la ziada hadi la kuu, na injini inaendelea kunyonya kwenye kuu kama siku zote. Pampu ikifa, gari bado linatembea.

Mpangilio kutoka kwenye tenki ni huu: koki ya mkono, filta yenye kutenganisha maji, pampu, valvu ya umeme inayofunga umeme ukikatika, kisha mpira hadi kwenye shingo ya kujazia ya tenki kuu, juu ya usawa wa mafuta. Ile valvu ya umeme usiiruke. Pampu nyingi zikizimwa bado zinapitisha mafuta, na kwa kuwa tenki la ziada liko juu, mafuta yataendelea kushuka usiku kucha. Usiunganishe kwenye mpira wa kurudishia mafuta wa injini; unaubana na injini itakutesa. Na kabla hujafunga, puliza pumzi ya tenki kuu uhakikishe inatoa hewa, maana kila lita inayoingia lazima itoe lita ya hewa.

Umeme: waya wa milimita za mraba 2.5, fyuzi ya ampea 7.5 iliyo karibu na betri isizidi sentimita 20, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayopata amri kutoka kwenye swichi ya ufunguo, na swichi ya dashibodi yenye taa. Ongeza rilei ya muda, inayozima pampu yenyewe muda ukifika. Pampu ya lita 120 kwa saa inahamisha lita 60 kwa dakika 30, na tenki kuu lililofika nusu lina nafasi ya lita 65. Basi weka dakika 30, washa geji ikiwa nusu au chini, na hata ukisahau haitafurika.

Mipira iwe iliyoandikwa kuwa ni ya dizeli. Wa maji ya rejeta huvimba na kuchanika kwa ndani. Ishike kila sentimita 30, ikae sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye ekzosi, na inapopita kwenye bati ivalishwe kinga.

Funga tenki kwa fremu na bolti sita za M10 za daraja 8.8, chini ya bodi kila moja na sahani ya milimita 60 kwa 60 unene 4, na nati za kujifunga. Usichomelee chochote kwenye chesisi. Inadhoofika pale pale. Kama bodi lina zulia la plastiki, tenki limetengwa na gari kiumeme, kwa hiyo funga waya wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye tenki na shingo yake hadi kwenye chesisi, kisha pima: chini ya omu 1.

Baada ya kilomita 500 kaza bolti na klampu zote upya, na ubadilishe filta ya injini hata kama inaonekana safi. Kila mwezi fungua bolti ya chini umwage nusu lita kwenye chupa ya kioo uangalie maji. Bima waandikie barua kuhusu tenki kabla ya safari ya kwanza, na mchoro wa njia za mafuta na waya ubaki kwenye gari, kwa ajili ya mkaguzi na kwa fundi atakayekukuta umekwama.