Ndoo ya rangi imeishinda simu

Jamani jana nimecheka mpaka basi. Katoto kangu kana miezi minane, hata kusema baba bado, sasa tuko kwa bibi yake huku Nkuhungu, Dodoma, mama kachukua ndoo tupu ya rangi kaibana katikati ya mapaja vile kina mama wa Kigogo wanavyopiga ngoma ya muheme, akaanza kugonga taratibu, weee! Dogo kaacha kunyonya, kageuka, maziwa yanamchuruzika kidevuni, anajinesanesa pale mkekani mikono inapunga kama anafukuza nzi. Mama akiacha na yeye anaacha, anamkodolea macho, vipi mbona umezima?

Baba yake, mjuaji wa kila kitu, eti mtoto anafuata mdundo kabisa. Hafuati bwana, nilimwangalia vizuri, mama akiongeza spidi na yeye anaongeza ila yuko nje ya biti kilomita mbili 😂. Usiku nikasomasoma kumbe ndo walivyo, kuna utafiti wa Zentner na Eerola wa 2010, walichukua watoto wa miezi 5 mpaka 24, wakaona muziki na midundo inawachezesha kuliko maneno ya watu, ngoma ikiwa na kasi nao wanakimbiza, kwenda sawa na biti ndo bado, ila anayekaribia kupatia anatabasamu zaidi.

Leo asubuhi nimemwekea bongofleva kwenye simu. Kanitazama, kaisukuma simu huko, anatambaa kwenda kwenye ndoo.