Mwito wa mbwa huharibikia bandani

Jumapili, usiku

Kuna jambo linalonikaa kichwani kila ninapomwona mbwa mchanga akiitwa na mwenyewe. Mwito unatoka, sikio moja linageuka nyuma, shingo inakaza kidogo, kisha pua inarudi kwenye majani. Amesikia. Mwenyewe anaita tena kwa sauti kubwa zaidi, mara ya tatu anaita kwa hasira, na wapita njia wanasema mbwa huyu ni mjeuri. Sikubaliani nao. Mbwa huyo anajua vizuri kabisa kinachofuata akiitika, na hesabu yake ameshaipiga.

Katika nyumba nyingi za kwetu, iwe Arusha, Nairobi au Dar, mbwa wa ulinzi hufungiwa bandani asubuhi na kufunguliwa usiku geti likishafungwa. Kwa hiyo mwito anaousikia kila siku bila kukosa ni ule wa saa 12 asubuhi, na malipo yake ni komeo la banda mpaka jua lizame. Mwito mwingine ni wa kuogeshwa dawa ya kupe. Mwingine ni wa kukaripiwa kwa kuchimba bustani. Ndani ya mwezi mmoja ni zaidi ya miito 30, na karibu yote imeishia pabaya. Halafu siku paka anapokatiza mbele yake tunataka amwache, ageuke, aje mbio. Tunadai kitu ambacho hatujawahi kukilipia.

Umri nao una sehemu yake. Kati ya miezi 6 na 18 mbwa anabalehe, na aliyekuwa akikufuata kila upande utotoni anaanza kwenda zake. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Newcastle na Nottingham, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia mbwa wanaokuzwa ili waje kuongoza vipofu. Wakiwa na miezi 8 walipuuza amri ya "kaa" kutoka kwa mlezi wao zaidi kuliko walipokuwa na miezi 5, ilhali mtu mgeni akiwaamuru walitii. Walipofika mwaka mmoja walikuwa wamerudi kusikiliza. Natamani kila anayetaka kumgawa mbwa wa miezi 8 kwa sababu "amekuwa mkaidi" angelijua hili. Ni kipindi, na kinapita, mradi kisikutane na fimbo.

Neno lililokwisha kuharibika usihangaike nalo. Kama "njoo" limetumika bandani na kwenye beseni la dawa, liache lifanye kazi hizo hizo, uanze na neno jipya, au filimbi. Filimbi naipenda zaidi. Haina hasira, haichoki, na hulia vilevile akiipuliza baba, dada wa kazi au mlinzi. Mlio uwe mmoja na watu wote wa nyumba waujue, kwa mfano mipulizo mitatu mifupi. Baba akiita "kam", watoto wakiita "njoo njoo", na mlinzi akipiga mluzi, mbwa atakuwa na maneno matatu dhaifu na hana hata moja la kutegemewa.

Siku tatu au nne za kwanza kazi hufanyika ndani au uani, mbwa akiwa hatua moja kutoka kwako, hana njaa kali wala hajashiba. Piga filimbi mara moja. Kisha, na kisha hiyo ndiyo kazi yenyewe, peleka mkono kwenye chakula. Mkono ukitangulia mfukoni, mbwa atajifunza mfuko na filimbi itabaki kelele tu. Mpe vipande vinne au vitano, kimoja kimoja, ili kula kuchukue sekunde kama kumi. Hata kama hajafanya lolote, mpe. Rudia mara tano, uache. Vipindi vitatu kwa siku vinatosha, na kila kimoja hakifiki dakika tano. Kupima kama imeingia, ngoja ageukie upande mwingine, upulize. Kichwa kikirudi kama kilichovutwa na uzi, songa mbele. Akikutazama kivivu, rudia siku mbili zaidi au uboreshe chakula.

Chakula kiwe kile ambacho hakipati bakulini. Mbwa anayekula ugali na dagaa kila siku hatamwacha kuku wa jirani kwa ajili ya tonge la ugali. Firigisi za kuku zilizochemshwa bila chumvi wala kitunguu zinafaa sana. Kitunguu ni sumu kwa mbwa hata kikiwa kimepikwa. Maini nayo huyapenda mno, ila machache, maana yakizidi humharisha. Cha bei nafuu kinachofanya kazi vizuri ni pafu la ng'ombe. Likague kwanza pale buchani. Likiwa na malengelenge yenye maji, lina minyoo ya tegu ambayo kupitia mbwa inaweza kuwafikia watoto, kwa hiyo usilinunue. Lililo safi lichemshe nusu saa au zaidi mpaka liive hadi ndani, ulikate vipande vya ukubwa wa punje ya harage, uviache vikauke kidogo ili visichafue mfuko. Unachompa kwenye mazoezi kipunguze kwenye chakula cha jioni.

Kuna kosa la mkono ambalo sijui kwa nini halisemwi zaidi. Mbwa anakuja mbio, anafika, halafu anasimama pale ambapo mkono wako haumfikii, akicheza kushoto na kulia. Anajua ukimshika starehe imekwisha. Dawa yake huanza uani hapo hapo. Lishia karibu na goti lako, usinyooshe mkono kumfuata. Kila akifika, mkono mmoja upite chini ya kidevu, ushike mkanda wa shingo taratibu, na chakula kitoke ukiwa umeshika. Usimshike kwa kupitisha mkono juu ya kichwa, kwani mbwa wengi huinama na kurudi nyuma. Kisha mwachie, umwambie "haya, nenda". Kule kuachiwa ni malipo pia, na kwa mbwa mwenye nguvu nyingi wakati mwingine ni makubwa kuliko nyama. Nionavyo, katika kila miito kumi, minane au tisa iishie kwa kulipwa na kuachiwa arudi alikokuwa.

Ndipo huja nje, na nje ni kwa kamba ndefu. Mita 10 zinatosha. Chagua mkanda bapa wa nailoni wa upana wa kama sentimita 2. Kamba ya katani hukwaruza viganja na ikilowa huwa nzito, na kamba nyembamba ya kuanikia nguo hukata ngozi mbwa akichomoka. Funga fundo kila baada ya mita mbili ili mguu wako ukiikanyaga isiteleze yote. Mwisho wa kamba usiwe na kitanzi, maana kitanzi hunasa kwenye kisiki. Ifunge kwenye mkanda wa kifuani upande wa mgongoni, isiwe shingoni, kwa kuwa mbwa wa kilo 25 akifika mwisho wa mita 10 kwa mbio zote, shingo ndiyo itakayopokea kishindo. Usiizungushe mkononi. Ishike ikiwa imekunjwa mikunjo mirefu, na uvae glavu za bustani.

Umbali, muda na vishawishi havipandishwi pamoja. Kwenye uwanja mtupu unaweza kuita kutoka mita 8. Wakipita mbuzi, rudi mita 2, hata kama jana mita 8 zilikubali. Bodaboda, watoto wanaocheza mpira, harufu ya bucha, kila kimoja ni somo lake. Upepo ukitoka upande wa mbuzi kuja kwenu, ujue wameshafika puani mwake kabla hujawaona. Uliza nafsi yako kabla ya kupuliza: ningeweka pesa kwamba atakuja? Kama huwezi, usipulize. Mfuate kwa kamba kimya kimya. Akija nane au tisa kati ya kumi kwa mpulizo wa kwanza, ongeza ugumu. Chini ya hapo, punguza.

Asipokuja, usirudie. Mpulizo wa pili humfundisha kwamba wa kwanza haukuwa na maana. Tembea kwa kufuata kamba mkono kwa mkono bila kumkokota, mpaka umfikie, weka kipande puani, rudi nyuma hatua tatu naye akufuate, mpe kimoja. Kisha uliza ulikosea wapi, umbali au kishawishi. Kamba ikikuponyoka, usimkimbize. Ukimkimbiza umeanzisha mchezo anaoujua kuliko wewe. Kimbia upande wa pili, ukipiga makofi, au chuchumaa ukimpa ubavu. Na akirudi baada ya dakika ishirini, akiwa na matope na wewe una hofu na hasira, mlipe. Anayemchapa mbwa aliyerudi anachapa kurudi kwenyewe, maana kule kutoroka kumeshapita na mbwa hawezi kuunganisha kutoroka huko na fimbo hiyo.

Sasa lile banda. Kumfungia ni lazima kwa nyumba nyingi na sina ugomvi nalo, ila kusifanywe kwa filimbi. Mwekee kifungua kinywa bandani kabla ya kumfungulia njia, umwongoze kwa kamba fupi, na siku nyingine aingie, ale, atoke tena kwa dakika kumi kabla ya kufungwa. Mbwa wengi ndani ya majuma machache huanza kwenda wenyewe wakisikia bakuli. Dawa ya kupe, kucha, daktari: mwendee alipo, usimwite kwa filimbi.

Kuhusu nguvu zake, watu hushauri akimbizwe mpaka achoke. Kwa mbwa mchanga hilo huzaa mbwa mwenye mapafu bora na nguvu zaidi kesho. Mara nyingi nusu saa ya kunusa humtuliza kuliko saa nzima ya kurusha mpira. Mwaga konzi moja ya chakula chake kwenye nyasi ndefu, umwache atafute punje moja moja. Kisha mfundishe kulala juu ya gunia: kila akilala, weka kipande katikati ya miguu ya mbele, kwanza kila sekunde tatu, halafu kumi, halafu dakika. Mbwa anayejua kutulia ndiye anayeweza kusikia. "Kaa" na "subiri" hufundishika kwa urahisi baada ya hapo, mlangoni na mbele ya bakuli, bila kipindi maalumu. Mazoezi ya nje yawe asubuhi mapema au baada ya saa 11 jioni. Lami ya mchana ambayo kiganja chako hakivumilii sekunde tano itamuunguza nyayo.

Wapo wanaosema chakula kipunguzwe mbwa akishaelewa. Kwa "kaa" nakubali. Kwa mwito sikubali, hata akiwa na miaka saba. Ukubwa wa malipo ubadilike, leo kipande kimoja, kesho konzi nzima kwa kumwacha ndama, lakini asirudi kwa mkono mtupu.

Kamba ndefu haivuliwi kwa siku moja. Ikiwa juma zima mkono wako haukuhitaji kuikaza, iache iburutike chini. Baadaye ikate ibaki mita 5, kisha 2, kisha kipande cha nusu mita kinachoning'inia tu, maana mbwa wengi huhisi uzito ukiondoka na wanajua wako huru. Kando ya barabara, au palipo na mifugo ya watu, usimwachie kabisa, hata awe msikivu vipi. Msitu wa Karura jijini Nairobi, kwa mfano, huruhusu mbwa wakiwa kwenye kamba, na ni sahihi. Mtoto anayeona mbwa mkubwa akimjia mbio hajui kwamba amefundishwa, na jiwe litarushwa kabla filimbi haijalia. Chanjo ya kichaa cha mbwa, inayoanza akiwa na miezi mitatu, iwe imeshatolewa na cheti kipo kabla ya siku ya kwanza ya kutoka naye getini.