Wageni 300 kwa mwezi, kumbe zaidi ya 200 ni mimi mwenyewe

Naandika hii nikiwa na hasira kidogo na aibu nyingi, maana juzi nimemsikia mtu anamwambia mwenzake "usipotaka kuhesabiwa kwenye saiti yako, we fungua kwa dirisha la siri", yaani lile la incognito la brauza lisilotunza kumbukumbu, nikajikuta nimeropoka weee usithubutu. Ushauri huo huo nilipewa mimi mwanzoni mwa 2022, ukanifanya nitembee kifua mbele miezi minne mizima kwa ajili ya wasomaji ambao hawapo.

Nina saiti ndogo ya kufundisha kukata na kushona. Picha nyingi, maneno machache, patani za PDF za kushusha bure. Kushona najua, kompyuta nabahatisha, na laptop yenyewe ni kuukuu, mdogo wangu aliiwekea Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta, ili ipate kupumua. Hiyo Linux ishikeni hapo, itarudi.

Kabla ya mambo ya dirisha la siri nilishajiaibisha na hiti. Kwenye paneli ya hosti, yaani kampuni inayohifadhi saiti yangu, kuna takwimu za AWStats, nikafungua nikakuta hiti 41,000 na ushee kwa mwezi. Nani kama mimi? Nikatangaza kwenye grupu la familia kwamba watu elfu arobaini na moja wanajifunza mishono kwangu, mjomba akauliza mbona sasa hujatajirika, nikamjibu subiri tu mjomba. Kumbe hiti ni ombi moja la faili kwenda kwenye seva, ile kompyuta inayotunza saiti, basi. Ukurasa wangu wa kuweka zipu una picha 34, kwa hiyo mtu mmoja akiufungua mara moja tu seva inahesabu ukurasa wenyewe, halafu picha moja moja zote 34, halafu yale mafaili ya mwonekano na fonti na skripti, unafika hiti 45 hivi na huyo mtu hata hajasoma sentensi ya kwanza. Na pale pale kwenye jedwali, safu za upande wa pili, kulikuwa na idadi ya wageni na idadi ya ziara, vinamba vidogo vya kutia huruma, ila jicho likipenda namba kubwa halioni nyingine.

Mjomba bado ananiuliza habari za wale elfu arobaini.

Basi nikaamua niwe serious, nikampa jamaa mmoja anayejiita mtaalamu pesa kidogo, si nyingi ila ziliuma, aniwekee Google Analytics, mashine ya Google ya kuhesabu wageni wa saiti. Kuweka kwenyewe hakuna la kueleza, ni kipande cha kodi unabandika, kodi ya kompyuta sio ya nyumba. Baada ya wiki mbili akanipigia kunipongeza: baunsi reti yako ni asilimia 1.8! Akasema saiti za watu wakubwa zinaililia chini ya 40. Mimi hata sikujua baunsi reti ni nini, nikaenda kujisomea, nikakuta kwa hesabu za wakati ule ni asilimia ya ziara ambazo mtu anafungua ukurasa mmoja tu halafu anaondoka zake. Kwa hiyo kwangu katika watu 100, 98 wanafungua ukurasa wa pili. Nikaona kweli, mishono yangu mitamu, mtu akionja shingo ya V lazima atafute na mkono.

Ilikaa hivyo mpaka dada mmoja tuliyekuwa tunashonea ofisi moja zamani, siku hizi anafanya kazi za mitandao, akaangalia ile namba akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia kaka hakuna saiti duniani yenye baunsi ya 1.8, hapo kuna kitu kimevunjika. Akanifundisha kitu ambacho mpaka leo nakitumia: fungua ukurasa wako wowote, bonyeza Ctrl na U uone matumbo yake, halafu Ctrl na F utafute ile namba yako ya utambulisho ya Analytics, enzi hizo ilianza na UA. Nikatafuta. Ikatokea mara moja juu, nikasema si unaona iko sawa, akasema endelea kushuka. Nikashuka. Nyingine hii hapa chini! Kumbe themu yangu, ile inayoipa saiti sura, ilikuwa na kisanduku cha kuweka namba na mimi mwenyewe nilishakijaza siku za mwanzo nikasahau, halafu mtaalamu akaja akaweka plagini, kiprogramu cha kuongezea saiti kazi, juu yake. Kwa hiyo kila ukurasa ulikuwa unapiga ripoti mara mbili, mtu akifungua mmoja inaandikwa kafungua kurasa mbili, na aliyefungua kurasa mbili hawezi kuitwa kabaunsi hata kama alikaa sekunde tatu.

Nikaondoa moja. Kuanzia kesho yake baunsi 81, kurasa zilizotazamwa zikashuka nusu, na mimi nikashuka nazo.

Ila hapo dada akanituliza kwa jambo moja la maana na naomba mlisikie wale mnaotishwa na baunsi. Saiti kama yangu mtu anakuja na swali moja, mfano kipimo cha kola, anakipata, anaondoka akakate kitambaa. Kabaunsi ndiyo, lakini kaondoka na alichokifuata, sasa hapo kosa liko wapi? Na muda ndio ulikuwa kichekesho. Ile Google Analytics ya zamani ilikuwa inapima muda kwa kutoa saa uliyofungua ukurasa wa kwanza kwenye saa uliyofungua wa pili, kwa hiyo ukurasa wa mwisho wa ziara haukuwa na cha kutolea. Mtu kaweka simu mezani, ukurasa wangu uko wazi, anakata taratibu dakika 20 akifuata picha moja moja, anamaliza anafunga: imeandikwa sekunde 0. Sifuri! Nilikuwa nawalaani watu wa sekunde sifuri kumbe wengine ndio wanafunzi wangu bora.

Na sesheni nayo niiseme hapo hapo. Sesheni ni ziara moja, na mtu akitulia nusu saa bila kugusa kitu inahesabika imeisha. Huyo huyo wa mkasi angekata dakika 40 halafu akarudi kubonyeza somo linalofuata, hiyo ni sesheni ya pili, mtu ni yule yule. Ndiyo maana sesheni zinakuwa nyingi kuliko watu, mtu asikwambie kwamba saiti yako inadanganya.

Sasa turudi kwenye dirisha la siri. Pamoja na yote hayo nilibaki na faraja moja, wageni 311 kwa mwezi. Mtaalamu aliniambia nikiwa nakagua kazi zangu nifungue dirisha la siri la Chrome ili nisijihesabu, nami nikawa mtiifu kuliko mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nikiandika aya, nafungua dirisha la siri naangalia imekaaje, nafunga. Nikipunguza picha, nafungua, nafunga. Nikiamka usiku kunywa maji, nafungua. Mara saba nane kwa siku bila kuchoka.

Usiku mmoja nikawa naangalia ile ripoti ya moja kwa moja, ile inayoonyesha nani yupo sasa hivi, nikaona mtu 1 yuko kwenye somo la mifuko. Saa nane za usiku! Nikafurahi nikasema huyu ana kiu ya elimu. Nikafungua dirisha la siri nione na mimi anachokiona, wakawa 2. Nikafunga, nikafungua tena, wakawa 3. Hapo moyo ukaanza kwenda mbio. Nikakaa sijagusa kitu, baada ya dakika chache ikarudi sifuri, na yule wa kwanza naye akawa hayupo, kumbe alikuwa ni mimi wa dakika chache zilizopita.

Nikaingia kwenye ripoti ya mifumo ya kompyuta. Linux: wageni 214 kati ya 311. Jamani, nani kati ya watu wanaotafuta jinsi ya kupinda suruali anatumia Linux? Nikachuja kwa mji, wote wa mji wangu. Nikachuja kwa ukubwa wa skrini, wote 1366 kwa 768, laptop hii hii niliyoikalia.

Iko hivi. Hizi mashine hazijui watu, zinajua kuki. Ukifungua saiti, kifaili kidogo cha kuki kinaachwa kwenye brauza yako chenye namba ya bahati nasibu, ukirudi kesho inasoma ile namba inasema huyu ni yule wa jana. Dirisha la siri linatupa kuki zote ukilifunga. Kwa hiyo ningefungua kawaida ningehesabika mgeni 1 mwezi mzima, lakini kwa kujificha kila mara nikawa napewa namba mpya, nazaliwa upya mara saba kwa siku. Kwa sababu hiyo hiyo mtu mwenye simu na laptop anahesabika wawili, na ndugu watatu wanaotumia kompyuta moja wanahesabika mmoja, kwa hiyo neno "yuza" lichukulieni kwa adabu hiyo.

Kurekebisha ilinichukua muda kwa sababu ya ubishi wangu. Tulipohamia Google Analytics 4, maana ile ya zamani iliacha kupokea data tarehe 1 Julai 2023, nikaweka filta ya kuondoa anwani yangu ya IP, namba inayotambulisha intaneti ninayotumia. Nikajisifu. Wiki sita baadaye Linux bado ipo pale pale inanicheka, kumbe ile filta ukiitengeneza inaanza ikiwa kwenye hali ya majaribio, lazima urudi uiwashe mwenyewe. Nikaiwasha, Linux ikapungua lakini haikuisha, kwa sababu mimi nusu ya siku natumia intaneti ya simu na IP inabadilika inavyojisikia. Na filta haisafishi ya nyuma, yale yaliyoingia yameingia. Mwishowe dawa ikawa rahisi mpaka nikajichukia, kwenye plagini kuna sehemu ya kutiki ili mtu aliyelogini kama admini asiwekewe kabisa ile kodi ya kufuatilia, mradi nifungue dirisha la kawaida nikiwa nimelogini. Tiki moja.

Halafu hii mashine mpya imegeuza maana ya baunsi kwa hiyo msilinganishe namba za kabla na za baada. Sasa sesheni inahesabika ya maana ikizidi sekunde 10, au ikiwa na kurasa mbili, au mtu akifanya tukio uliloliweka kuwa muhimu, kwangu ni kushusha patani. Isiyofikisha hata kimojawapo ndiyo baunsi. Yule wangu wa mkasi sasa ana heshima yake.

Kitu kingine kilichonisumbua ni wageni wa "dairekti". Nilidhani ni mashabiki wanaoliandika jina la saiti kwa mkono, kumbe ni kapu la yeyote ambaye haijulikani katokea wapi, na linki nyingi za WhatsApp zinadondokea humo. Nikaanza kuongeza utm_source na utm_medium, vibandiko vya kutaja mtu katokea wapi na kwa njia gani, mwishoni mwa linki kabla ya kuzituma, nikaona grupu gani linaleta watu na lipi linaleta emoji tu. Andikeni herufi ndogo siku zote, mimi niliandika WhatsApp, whatsapp na Whatsapp, nikapata safu tatu za chanzo kimoja.

La Search Console, kifaa cha Google cha kuonyesha saiti yako inavyotafutwa, nalisema haraka kwa sababu ndilo pekee nililopatia mara ya kwanza. Inakuonyesha umetokea mara ngapi kwenye matokeo ya kutafuta, hizo ni impresheni, na umebonyezwa mara ngapi. Ukurasa mmoja ulikuwa na impresheni 2,000 na kliki 9, yaani haifiki hata nusu asilimia. Nikaangalia kichwa chake: "Somo la Tatu". Sasa nani atabonyeza Somo la Tatu? La nini? Nikaandika "Jinsi ya kukata shingo ya V isitanuke", ndani sikugusa hata nukta, mwezi uliofuata impresheni karibu zile zile na kliki 63. Hiyo nilimtumia mtaalamu, hajajibu mpaka leo.

Wageni wangu wa kweli siku hizi ni 140 na kitu kwa mwezi na kwenye grupu la familia nimenyamaza. Ila wiki iliyopita nikaona Linux imerudi, mgeni 1, nikajua tayari nimeharibu kitu tena. Nikachungulia mji, si wangu. Skrini si yangu. Kasoma ukurasa wa zipu dakika 11, kashusha na patani ya suruali.