Buti la Corolla 110 linaloingiza maji: kumbukumbu ya mradi wangu

Gari ni Toyota Corolla AE110 ya milango minne, injini 5A-FE ya lita 1.5, mojawapo ya zile zilizojaa barabara za Dar. Toleo hili lilianza kutoka Japani 1995 na likakoma 2000, kwa hiyo raba na sponji zake, hata ambazo hazijawahi kuguswa na mtu, zimeshavuka miaka 20. Masika yalipoanza nikawa nasikia maji yakicheza huko nyuma kila ninapokanyaga breki. Kuinua kapeti na ubao wake, nakuta spea tairi imekaa kwenye bwawa. Jeki imeota kutu, mfuko wa spana unanuka uvundo.

Fundi niliyempelekea kwanza alizunguka gari mara moja, akachomoa tyubu ya silikoni mfukoni. "Hapa ni kuzungushia hii kwenye taa tu, bosi. Hayarudi tena." Nilimshukuru nikaondoka na gari langu. Silikoni ile ya bei rahisi, inayotoa harufu ya siki inapokauka, hutoa asidi inayokula bati lililo wazi, na ikishapakwa mahali rangi haishiki tena hapo. Halafu, alikuwa bado hajaona maji yanaingilia wapi.

Hatua ya kwanza ilikuwa kukausha. Chini ya shimo la spea tairi kuna kiziba cha raba. Ukikisukuma kwa chini maji yote yanashuka. Wapo wanaokitoa na kukiacha hivyo moja kwa moja ili maji yajitokee yenyewe. Mimi sioni faida yake. Barabara zetu zikifurika maji hupandia tundu hilohilo, na yale yanayovuja juu yanaendelea kupita ndani ya bodi na kuoza bati usiloliona. Nikakirudisha mahali pake.

Kisha nikavua kila kitu: kapeti, makava ya pembeni, egemeo la kiti cha nyuma. Klipu za plastiki za umri huu hukatika ukizitazama vibaya, kwa hiyo weka nyingine kabisa karibu. Buti likiwa bati tupu ndipo linapoanza kusema. Maji yalikuwa yamejikusanya upande wa kulia, lakini hiyo ni kwa sababu uani kwangu pameinamia kulia. Michirizi ya vumbi lililolowa na kukauka ilikuwa kushoto: mmoja unatokea chini ya taa, mwingine mwembamba umeshuka juu ya mgongo wa tao la tairi. Huo wa pili karibu niupuuze, maana ulionekana wa zamani.

Jumamosi nikamwita mdogo wangu ashike mpira wa maji, mimi nikaingia ndani ya buti na tochi, tukalifunga. Egemeo la kiti nililitoa makusudi ili niwe na njia ya kutokea. Usijifungie kwenye buti bila hiyo njia na bila mtu nje. Kabla ya hapo nilikuwa nimenyunyiza poda ya mtoto kwenye viungo vyote, kwa sababu juu ya poda tone dogo kabisa linaacha njia yake. Masharti niliyompa ni mawili: maji yatiririke taratibu, asibane mdomo wa mpira, na aanze chini apande juu. Ukianza na paa unalowanisha kila kitu kwa pamoja, na hutajua lililoingiza ni lipi.

Bampani hapakuwa na tatizo. Nyuma yake kuna matundu yenye vifuniko vya raba vinavyotoa hewa ya ndani unapofunga mlango. Kwenye magari mengi ya umri huu raba hizo huwa zimekakamaa, zangu bado zinacheza. Akapanda kwenye taa ya kulia, kimya. Taa ya kushoto, tone likavimba chini ya nati ya chini, likakaa, likakua, halafu likateleza kwenye bati na kuchora mstari mweusi juu ya poda. Nikapiga kelele za furaha. "Kaka, upo hai?" akauliza kutoka nje, na mpira bado unamwaga.

Taa inafungwa kwa nati za namba 10. Sponji iliyo kati ya taa na bodi ilikuwa imelala kama chapati na inabomoka mkononi. Chini yake nikakuta silikoni ya zamani, maana kuna mtu alishapitia hapa, na chini ya silikoni kutu imezunguka tundu la boliti. Nilikwangua, nikapiga msasa hadi bati jeupe, nikapaka praima kisha rangi. Kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, hapa Dar, taa za mtumba zimejaa ila sponji peke yake mpya sikuipata, basi nikatumia utepe wa butili, ile nyeusi inayonata isiyokauka. Niliuanika juani kidogo ulainike, nikauzungusha bila kuacha pengo, nikakaza nati kwa kupokezana. Boliti za taa zimeshikwa na plastiki, ukikaza kwa hasira zinapasuka. Ya kulia nayo nikaifanyia vilevile kwa kuwa sponji yake haina maisha.

Tukamwagia tena, pakavu. Usiku ikanyesha, na asubuhi kulikuwa na kama kikombe cha maji kwenye shimo.

Hapo nikaukumbuka ule mchirizi mwembamba. Raba ya mlango wa buti niliijaribu kwa vipande vya karatasi: unaweka kipande, unafunga, unavuta. Kinachobanwa kinakuambia raba inafanya kazi, na vyote vilibanwa. Kioo cha nyuma nacho kikapita. Imebaki paa. Mdogo wangu akaacha maji yatiririke kwenye mfereji wa paa upande wa kushoto, karibu na pembe ya kioo, tukasubiri. Hakuna kitu. Akataka kuhama, nikamwambia aache. Nikasikia kabla sijaona: tik, tik, ndani ya nguzo ya nyuma. Baadaye kidogo maji yakatokea juu ya tao la tairi, yakafuata bunda la nyaya hadi chini.

Ndiyo maana mtu anaweza kumwagia maji kwa dakika chache akaapa paa ni zima. Maji yale husafiri kwanza ndani ya ubavu wa gari, na mvua ya usiku kucha ina subira kuliko fundi yeyote.

Mferejini kuna ukanda mweusi wa mapambo. Chini yake paa limeunganishwa na ubavu, na kiungo hicho kiwandani hufunikwa na gundi ya kuziba. Yangu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, lakini nilipoichokonoa kwa kijiti ikainuka ganda zima. Nilikata iliyokufa yote, nikasafisha kutu, praima, kisha gundi ya bodi ya poliyurethani, inayoshika rangi na kunyumbuka na bati. Kazi hii inataka pakavu kabisa, na masika hayakupi pakavu. Niliifanya chini ya turubai, nikalala na wasiwasi. Rangi ya kopo ikafuata siku iliyofuata. Haikulingana sawasawa, ila ukanda umeificha.

Faida ya ziada: zile nyaya. Soketi ya taa ya kushoto ilikuwa na ukijani kwenye pini, na taa ya breki imekuwa ikizimika na kuwaka tangu mwaka jana. Nilishabadilisha globu bure. Nimesafisha pini, inawaka vizuri.

Kwa sasa sakafu ya buti nimeitandika magazeti badala ya kapeti, maana gazeti likipata tone huonekana hata likishakauka. Mvua kubwa zimeshapita juu yake na halina alama. Shimo la spea tairi limepigwa praima, linasubiri rangi. Kiungo cha paa upande wa kulia ni cha umri uleule, nitakifungua kabla ya vuli. Jeki natafuta nyingine.