Datsun 240Z ya Safari Rally, na habari ya vumbi

Wakuu, Datsun yangu, modeli ya plastiki ya kuunganisha, imeisha. Ile 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 11 mlangoni, waliyoshinda nayo Edgar Herrmann na Hans Schüller kwenye Safari Rally ya 1971, na nyuma yao Shekhar Mehta akaingia wa pili na 240Z kama hiyohiyo. Boksi ni la Hasegawa, kampuni ya modeli ya Japani, skeli ya 1/24, yaani gari la mita nne na kitu linakuja kua sentimita 17 hivi. Kuunganisha sina la kusema, vipande vinakaa vizuri, ukiwa na wembe, msasa laini na tupa ya kucha umemaliza. Rangi nimemuomba fundi rangi wa magari hapa Moshi anichanganyie nyekundu kidogo kwenye chupa ya dawa, ila angalizo moja tu, tina yao (ile ya kuyeyushia rangi) inakula plastiki, kwaiyo praima, yani rangi ya msingi, kwanza alafu unapuliza nyepesi nyepesi, unaacha ikauke, unarudia, ukimwaga kwa pupa mlango wote unanyauka.

Sasa tuje kwenye uchafu, maana mi ndo kilichonifanya ninunue hili boksi.

Ukiangalia picha za watu mtandaoni wakichakaza modeli za magari ya rali, yani kuzipaka uchafu zionekane zimetumika, utakuta kutu. Kutu kwenye mlango, kutu kwenye fenda, hadi kwenye ringi. Aisee, kutu ya nini? Lile gari limetoka kiwandani likaandaliwa, likaanza mbio likiwa linang'aa, likapiga zaidi ya kilomita 5,000 kwa siku chache za Pasaka, limepata wapi muda wa kuoza? Linachoweza kua nacho ni vumbi, tope, mikwaruzo ya mawe na wadudu kwenye taa. Basi. Jiwe nalo linapiga mbele, kwahiyo rangi imebanduka puani, chini ya taa, na pale mbele ya tairi za nyuma ambapo tairi za mbele zinarusha kokoto. Nimechovya kipande cha sponji kwenye rangi ya kijivu nikagusagusa hapo tu. Paa sijaligusa kabisa.

Na msisahau Pasaka ni masika. Mwaka 1963 na mwaka 1968 yalimaliza magari 7 tu, mengine yote tope na mito imeyabakiza njiani, hadi wale wa 7 wakapewa jina la wasiozama. Kwahiyo ukitengeneza gari la Safari ukalipaka vumbi kavu peke yake umetengeneza nusu. Kunatakiwa kuwe na tope la jana lililokauka kwenye madigadi, juu yake vumbi la leo, na pengine tope bichi chini kabisa walipovuka korongo asubuhi. Unaanza na la zamani, unamalizia na jipya, ukigeuza mtu aliyewahi kuosha gari atakuona.

Rangi ya udongo nayo. Zile poda za dukani za wenzetu ni kahawia ya Ulaya, udongo wa shamba la viazi. Mbio hizi miaka ya mwanzo zilikua zinazunguka Kenya, Uganda na huku kwetu Tanzania, ndo baadae zikabaki Kenya peke yake, na sisi tunaoishi huku udongo tunao bure. Nimechukua mwekundu wa Kibosho, nikachukua ule mweupe mweupe wa tambarare za kuelekea uwanja wa ndege wa KIA, unaoingia hadi kwenye meno, na mweusi wa mbuga kidogo kwa ajili ya chini ya gari. Chalii mmoja wa Arusha akanibishia kwamba mwekundu wao wa Ilboru ni bora, tukaachana hapo, watu wa Arusha mnawajua.

Ila udongo huwezi kuutia hivohivo. Piga hesabu, punje ya mchanga ya nusu milimita kwenye skeli hii ni sawa na kokoto ya milimita 12, yani gari litaonekana limemwagiwa zege. Nachofanya naweka udongo kwenye chupa ya maji, natikisa, nasubiri mchanga ushuke, yale maji machafu ya juu namimina kwenye sahani na kuyaacha hadi yakauke. Kinachobaki kwenye sahani ni laini kuliko unga wa sembe. Huo ndo unachanganya na tapentaini, unapaka, ikikauka unafuta kwa brashi kutoka juu kwenda chini. Ukitaka tope nene unatia na gundi ya mbao kidogo.

Vumbi lenyewe linajaa wapi? Waliopanda Noah kwenye barabara ya vumbi wanajua, kioo cha mbele kinaonekana alafu cha nyuma watoto wanaandika majina. Gari likikimbia hewa ya nyuma inajizungusha na kulivuta vumbi kurudi kwenye buti. Hii 240Z mgongo wake umeteremka, kwahiyo nyuma nimejaza hadi taa zimefifia, ubavuni linapungua kadri unavyopanda, na boneti nimeiacha na utando tu. Hiyo boneti nyeusi haikua urembo, ilikua kumpunguzia dereva mng'ao wa jua machoni, ukiifukia kwa vumbi umeipoteza.

Kioo cha mbele ndo kimenipa raha. Nilikata selotepu maumbo mawili ya njia ya waipa nikayabandika, nikapuliza vumbi jembamba juu, nikabandua. Pembeni ya hayo maumbo nikaweka mstari mnene kidogo, pale waipa inaposukumia uchafu ukaganda. Alafu kwenye kitasa cha mlango nikafuta kwa ncha ya kijiti cha meno, maana dereva na msoma ramani wanashuka na kupanda, mikono yao lazima isafishe hapo.

Kuna mzee hapa Majengo, fundi mstaafu, ujanani alisimama barabarani kuyaangalia haya magari yakipita. Nikampelekea. Akaligeuza, akachungulia chini, akauliza, "Kijana, mbona bado naiona rangi?" Anasema yalipofika huku ulikua huwezi kujua jekundu ni lipi. Namuelewa mzee wangu, ila shikamoo zake zote, sifukii. Ile nyekundu imenigharimu.

Linalofuata ni Peugeot 404 ya Bert Shankland na Chris Rothwell, walioshinda 1966 na 1967, Shankland alikua anaishi hapahapa Tanzania. Mwenye picha ya familia ya enzi hizo, hata kama gari limetokea nyuma ya bibi, anitafute. Nataka kuona tope lilifika wapi kwenye milango.